Kilima Kisicho na Kufuli

Simu ililia wakati wembe wa Lenard Hruska umeshamaliza shavu la kushoto la Mpelelezi Verlin Kuchta, na la kulia bado lina povu. Ilikuwa Ijumaa, saa nne asubuhi, na kinyozi Len alikuwa na duka limejaa kama kawaida yake: wawili wanasubiri zamu, watatu hawasubiri chochote, wamekuja tu kusikia yaliyotokea tangu jana. Tannersburg, Ohio, ulikuwa mji wa gazeti moja kwa wiki, na kila lililochapishwa humo lilikuwa limeshapita kwenye kiti cha Len.

Kabla simu haijalia, Burdette wa duka la mbegu alikuwa ameshika uwanja.

"Mmesikia gari la wagonjwa Jumatano? Lilipanda kilimani linapiga king'ora. Wamembeba yule bibi wa Kigiriki, wakamkimbiza Columbus."

"Tuna Mgiriki hapa?"

"Si Mgiriki, wewe! Alikuwa anafundisha Kigiriki. Profesa Amsden. Yule mrefu, mzee, wa baiskeli."

Mkono wa Len ukasimama hewani, wembe ukiwa inchi moja juu ya koo la mpelelezi. Kisha mkono wa pili ukanyooka kwenye rafu na kufungulia redio. Hali ya hewa ya jimbo zima ikajaa dukani.

Hakuna aliyeshangaa. Len alikuwa na miaka sabini na saba na alikuwa tayari kuzungumzia ndoa ya mtu, ini la mtu, hata dhambi za mchungaji. Ila ukitaja Chuo cha Overholt, kile kidogo cha binafsi kilichokaa juu ya kilima nyuma ya mji, redio inafunguliwa. Hata akienda Columbus hakupita barabara ya kilimani, ambayo ndiyo fupi. Alizunguka kwa mtoni, maili tisa za bure, iwe mvua iwe theluji. Watu walishazoea, kama wanavyomzoea mtu asiyekula kitunguu.

Ndipo simu ikalia. Burdette akaipokea kama ya kwake. "Verlin, ni yako. Mwanamke. Analia au ana mafua."

Alikuwa Bi Odessa Crume, mkuu wa maktaba ya Chuo.

"Bwana Kuchta, Kitabu cha Majina hakipo."

"Kitabu gani?"

"Cha Majina! Kila mwanafunzi aliyewahi kuingia hapa ametia saini humo, tangu mwaka 1853. Wapya wanatia saini kesho saa kumi. Na leo saa tisa wanamfukuza msichana kwa ajili yake, na mimi nakwambia hakuiba, ila siwezi kuthibitisha."

"Nani wanamfukuza?"

"Wanafunzi wenzake."

"Msichana gani?"

"Ilona Varady."

Kuchta akainuka na taulo lake. Baba yake Ilona aliendesha lori la maziwa, na kila Alhamisi walicheza karata pamoja. Mtoto wa Varady kuingia Overholt kulifanya mtaa mzima uoke keki.

"Len, nakuja kumalizia. Naenda kilimani."

"Unaenda hivyo hivyo?" akauliza Burdette.

"Ni dharura."

"Dharura ni huo uso wako."

Duka likaangua kicheko. Len peke yake hakucheka. Alikuwa ameshageuka kuosha wembe, na aliuosha muda mrefu.

*

Katika miaka yake hamsini na minne Kuchta alikuwa amepanda kilima kile mara tatu, zote kwa mlango wa jikoni. Safari hii Bi Crume alimpokea kwenye lango kuu. Alikuwa mwanamke mfupi, mwenye miwani ya kamba, na alitembea kama anayekimbizwa.

"Nianze na funguo," alisema Kuchta. "Nani ana funguo za maktaba?"

"Funguo za nini?"

"Za mlango."

"Mlango hauna kufuli."

"Basi la hilo kabati la kitabu."

"Halina pia. Tulikuwa nalo moja la lango, likaliwa na kutu mwaka wa mafuriko."

Kuchta aliandika hilo, akalisoma tena, akamfuata. Walipita benchi lenye fidla juu yake, wazi ndani ya sanduku lake, na mwenyewe hayupo. Walipita baiskeli arobaini zilizoegemezwa ukuta na hakuna mnyororo hata mmoja. Kwenye chumba kimoja cha chini mlango ulikuwa wazi: meza moja ya duara, vijana tisa na mwalimu mmoja, wanabishana juu ya nyota iliyokufa. Msichana mmoja alimwambia mwalimu, "Hapana, umekosea," na mwalimu akasema, "Nionyeshe," akampa chaki.

"Hilo ndilo darasa zima?"

"Hilo ni kubwa. Kigiriki wako watatu." Bi Crume hakupunguza mwendo. "Tuna wanafunzi elfu moja mia moja na arobaini. Anayetaka udaktari lazima asome mashairi, anayetaka mashairi lazima akate chura, na wote lazima waogelee bwawa kwenda na kurudi mara nne, la sivyo hawahitimu. Mwanzilishi alifiwa na mtoto kwenye bwawa la kinu."

"Huko mjini tunasema mnasoma kila kitu ili msijue chochote."

"Na sisi tunajua mnasema hivyo."

Chini ya ngazi za maktaba alikaa kijana mrefu, magoti yamefika masikioni, anaandika kwenye daftari la mtihani. Mbele yake kulikuwa na saa ya mezani na bahasha.

"Huyu naye?"

"Yuko kwenye mtihani."

"Msimamizi yuko wapi?"

"Wa nini?" alisema Bi Crume, na safari hii hata yeye alitabasamu. "Ana dakika tisini. Amejitegea saa mwenyewe. Zikiisha anafunga bahasha, anaandika juu kwamba hakuibia, anaisukuma chini ya mlango wa mwalimu. Hiyo ndiyo Ahadi. Wote wanaitia saini siku wanayotia saini Kitabu: sitadanganya, sitaiba, na neno nililotoa nimelitoa."

Saa ikalia. Kijana akaiweka kalamu chini katikati ya sentensi. Alikitazama alichokuwa hajamaliza, akauma mdomo, akafunga daftari, akaandika mstari mmoja juu ya bahasha, akaenda zake.

Kuchta alikuwa amewafunga watu pingu miaka ishirini na minane. Alivua kofia yake, na hakuivaa tena hadi aliposhuka kilimani.

*

Kabati la kioo lilikuwa katikati ya ukumbi wa kusomea. Halikuvunjwa, halikukwaruzwa. Ndani, kwenye kitambaa cha bluu, vumbi lilikuwa limechora mstatili mkubwa.

"Kina uzito gani?"

"Pauni thelathini. Kurasa mia tano, jalada la ngozi."

"Nani anakitaka?"

"Chuo cha Brandt," alisema Bi Crume papo hapo. "Mwaka 1962 waliiba bata wetu wa shaba, wakamvalisha sidiria."

Kuchta aliomba simu. Mlinzi wa Brandt, maili thelathini kaskazini, alimsikiliza mpaka mwisho, akacheka. "Afande, hawa wa kwetu wakiiba kitu, kabla ya chakula cha mchana kimeshapandishwa mlingoti wa bendera. Mlingoti naukodolea macho sasa hivi. Kuna bendera tu."

Njia hiyo ikafa. Kuchta akakata simu. "Sasa nieleze kuhusu saa tisa."

Bi Crume alieleza haraka. Kesi za Ahadi zilisikilizwa na Baraza la Heshima, wanafunzi saba waliochaguliwa na wenzao. Walimu hawakuingia. Adhabu ilikuwa moja tu: mtu anaondoka siku hiyo hiyo, na jina lake kwenye Kitabu linapigwa mstari mwekundu. Ilona alifanya kazi maktabani, alionekana Jumatatu akikibeba Kitabu, na hakatai. Ila hasemi kiko wapi.

"Na watalipigaje mstari jina lake, kama Kitabu hakipo?"

"Ndiyo maana wana hasira mara mbili."

*

Ilona Varady alikuwa ghorofa ya pili, anarudisha vitabu kwenye rafu. Alikuwa na miaka ishirini, mabega ya baba yake, na toroli la vitabu limebaki nusu.

"Unafanya kazi leo?"

"Zamu yangu inaisha saa nane, Bwana Kuchta." Akamtazama. "Umenyolewa upande mmoja."

"Najua."

"Nilidhani ungependa kujua. Wote waliokuona wameona. Hawakusema kwa sababu hukuwauliza."

Kuchta akavuta kiti. "Baba yako anasemaje?"

"Baba anataka niseme. Mama anasema nisithubutu. Hawasemezani, wanaongea kupitia mbwa."

"Haya. Kitabu ulikitoa wewe?"

"Ndiyo. Jumatatu, saa nane mchana."

"Kuna aliyekuona?"

"Wengi. Mmoja alinifungulia mlango."

"Alikufungulia mlango!"

"Ni kizito."

"Kiko wapi?"

"Siwezi kusema. Nimetoa neno langu."

"Kwa nani?"

Aliingiza kitabu rafuni, akakinyoosha mgongo.

Kuchta alibadili namna. Huko chini, maswali yalikuwa ya kumchosha mwongo mpaka ajikwae. Hapa kila jibu lilikuwa tofali zima, unaliweka tu na kutafuta la pili.

"Umekificha?"

"Hapana."

"Ulikitaka wewe?"

"Hapana."

"Ulivunja utaratibu wowote wa maktaba?"

"Hata mmoja. Utaratibu wote ulifuatwa."

Aliandika neno *wote* na kulipigia mstari. "Huyo uliyempa neno lako, si anaweza kukuachilia useme?"

"Angeweza." Ilona alitazama dirishani, ambako njia iliteremka nyuma ya kanisa kati ya safu mbili za miti mirefu. "Wiki hii hawezi."

"Tangu lini hawezi? Tangu Jumatano?"

Toroli lilikuwa limesimama, na mikono miwili ya msichana ilikuwa imelishika kwa nguvu.

"Sijakuuliza jina," alisema Kuchta, akiinuka. "Kumbuka hilo ukiulizwa. Sijakuuliza."

*

"Bi Crume! Mtu akitaka kutoka na kitabu humu, utaratibu ni upi?"

"Kompyuta. Na kompyuta inasema Kitabu kipo kabatini."

"Imekuja lini?"

"Julai."

"Kabla ya Julai?"

"Kadi. Unaandika jina lako, jina la kitabu na tarehe, unatia kwenye sanduku. Wazee bado wanatumia. Na sanduku nimelipekua, Bwana Kuchta, mimi si mtoto."

"Kila mtu hutumia sanduku hilo?"

"Kila mtu. Isipokuwa..." Akageukia kaunta. "Maprofesa wana kopo lao."

Lilikuwa kopo la biskuti, chini ya kaunta, kifuniko kimeng'ang'ana.

"Hatulifungui," alisema Bi Crume, akilikwangua kwa rula. "Linatutia uchungu tu. Profesa akichukua kitabu harudishi. Kuna kadi humu ya mtu aliyezikwa mwaka 1971. Na isitoshe, nani angeandikia kadi Kitabu cha Majina? Hakiazimwi!"

"Kuna kanuni inayokataza?"

"Hakuna. Hakuna aliyewahi kufikiri kwamba mtu angetaka."

Kifuniko kikaruka. Kadi ya juu kabisa ilikuwa na mwandiko mwembamba, ulionyooka kama uzi:

*Kitabu cha Majina. H. Amsden. Jumatatu, Septemba 23. Nitakirudisha Jumamosi saa kumi, kwa mkono wangu.*

Bi Crume aliketi chini, pale pale alipo.

"Asubuhi nzima namtafuta mwizi," alisema Kuchta polepole. "Huko kwetu mtu akichukua kitu, kazi ya kwanza ni kufuta alama zake. Huyu wenu ameacha jina lake, siku aliyochukua na saa ya kurudisha. Na nyinyi nyote, watu mnaoaminiana hivi, hakuna aliyeangalia kama ameacha."

*

Nyumba ya Profesa Hester Amsden ilikuwa mwisho wa njia ile ya miti mirefu. Baiskeli ilikuwa ukutani. Mlango, bila shaka, haukufungwa. Kiti kimoja kilikuwa kimeanguka, na kikombe kimevunjika karibu yake, kama watu wa gari la wagonjwa walivyoviacha.

Kitabu kilikuwa juu ya meza ya dirishani, kimefunguliwa.

Kuchta hakukigusa mara moja. Kurasa zilikuwa pana kama mbawa za bata mzinga, na majina yalishuka safu mbili mbili, kila moja kwa mkono wake: mengine makubwa ya majivuno, mengine madogo ya watu waliotetemeka. Alifunua nyuma. 1918, ukurasa mfupi, wanaume wachache. 1891. 1864. Wino ulikuwa umegeuka kahawia lakini mikono ilikuwa hai. Unaona hapa mtu aliinua kalamu kufikiri, hapa alidondosha tone akajaribu kulifuta kwa kidole, na alama ya kidole ipo.

"Maelfu na maelfu," alinong'ona Bi Crume. Hakuna aliyewaambia wanong'one.

Alirudi kwenye ukurasa uliokuwa wazi. Septemba 1937. Katikati ya safu ya kushoto, mstari mwekundu ulipita juu ya jina moja. Pembeni yake kulikuwa na wino mpya, mwandiko ule ule wa kwenye kadi, ila huu ulikuwa umeanza kuyumba. Kuchta aliusoma kwa sauti:

*Jina hili nililikata mimi, nikiwa mkuu wa Baraza, Machi 1939. Alisema hakuchukua karatasi ya mtihani chumbani kwa mwalimu wetu. Hatukumwamini. Mwezi huu nimeipata karatasi hiyo ndani ya kamusi ya mwalimu, alikoiweka mwenyewe kuwa alama ya ukurasa, akasahau. Tulimwamini kila mtu kilimani isipokuwa kijana wa kutoka mjini. Kosa ni*

Hapo kalamu ilikuwa imeteleza mpaka ukingoni.

Karibu na Kitabu kulikuwa na kamusi nene ya Kigiriki, jalada la kijani, na karatasi ya manjano imetokeza juu yake.

"Alitaka kuyasoma haya yeye mwenyewe kesho, mbele ya watu wote," alisema Bi Crume. "Ndiyo maana alimwomba Ilona anyamaze. Na Jumatano akaanguka hapa hapa." Alisogeza miwani. "Jina lenyewe ni la nani? Mstari umelifunika."

Kuchta aliinama. Aliweka kidole chini ya jina, herufi kwa herufi, kisha akajishika shavu la kushoto, lile laini.

"Lenard Hruska," alisema. "Amenishikia wembe kooni asubuhi hii."

*

Saa tisa kasoro dakika nne. Chumba cha Baraza kilikuwa na meza ndefu, vijana saba upande mmoja, na Ilona peke yake upande wa pili. Mkuu wao, Thaddeus Oyler, kijana mwembamba mwenye tai aliyofungiwa na mtu mwingine, aliinuka.

"Samahani, bwana. Hiki ni kikao cha wanafunzi. Mtu wa nje haingii."

"Siingii," alisema Kuchta mlangoni. "Kinachoingia ni hiki. Mimi nimekishika tu, na mikono imeisha nguvu."

Walikiona. Wote saba walisimama, viti vikalia sakafuni. Kuchta aliweka Kitabu mezani, juu yake kadi, akarudi nyuma ya kizingiti.

Oyler alisoma kadi. Kisha alisoma ukurasa, kwa sauti, kama sheria yao ilivyotaka ushahidi usomwe. Alipofika mwisho alisema, "Kosa ni," akainua kichwa.

"La nani?" aliuliza msichana mmoja wa Baraza.

"Limeishia hapo."

Saa ya mnara ikagonga saa tisa. Walisikiliza mpaka pigo la mwisho wakiwa wamesimama.

"Ilona," alisema Oyler, na sauti yake haikuwa tena ya mkuu wa kitu chochote. "Kwa nini hukusema kuna kadi?"

"Kwa sababu jina lake liko kwenye kadi. Nyinyi ndio mlionipa Ahadi niitie saini. Neno nililotoa nimelitoa. Mlitaka niivunje ili mjue kwamba sijaivunja?"

Oyler aliitisha kura ya kumwacha abaki. Mikono saba ikapanda, na wa kwake ulikuwa wa kwanza kupanda na wa mwisho kushuka. Kwenye meza, mbele ya kiti chake, kulikuwa na kalamu ya wino mwekundu iliyoandaliwa tangu mchana. Aliichukua, akaizungusha kifuniko, akaitia mfukoni.

Ilona alitoka mlangoni akiwa amenyooka. Alipompita Kuchta tu, akamshika mkono.

"Amefumbua macho," Kuchta alimwambia. "Bi Crume amepiga simu Columbus. Mkono wa kulia hauendi, lakini ameuliza leo ni siku gani."

"Wamemwambia?"

"Wamemwambia Ijumaa. Akasema: basi bado nina siku moja."

*

Saa kumi na moja duka la Len lilikuwa limejaa kupita asubuhi. Wote walikuwa wanamsubiri, na wote walijifanya wanasoma gazeti.

"Tazama, nusu ya pili imerudi!" alisema Burdette. "Haya, mtoto wa Varady?"

"Amebaki. Hakuna wa kumfukuza."

Wakapiga makofi. Kuchta alikaa kwenye kiti. Len alimvika taulo, akapaka povu shavu la kulia, akainua wembe.

"Tuambie basi! Nani aliiba?"

"Hakuna aliyeiba. Profesa Amsden aliazima."

Mkono wa Len ulikwenda kwenye redio.

"Usifungue, Len," alisema Kuchta. "Hii ni yako."

Alisimulia bila kugeuza kichwa, akimtazama mzee kwenye kioo: kopo la biskuti, Kitabu, ukurasa wa 1937, mstari mwekundu, wino mpya. Alilisema kila neno alilolisoma, mpaka pale kalamu ilipoteleza. Burdette, mtu wa kusema hata msibani, alikunja gazeti lake.

Len aliuliza swali moja tu.

"Kamusi ipi?"

"Ya Kigiriki. Kubwa."

"Ya kijani?"

"Ya kijani."

"Ilikuwa mezani kwa mwalimu," alisema Len. "Aliniweka hapa, yeye akakaa pale, na Hester akasimama mlangoni. Saa nzima nasema sikuchukua. Na ile kamusi ilikuwa katikati yetu. Niliweka mkono juu yake." Aliutazama mkono wenyewe. "Nikaapa nayo, kwa sababu hakukuwa na Biblia karibu."

Nje lori lilipita, likamaliza kupita.

"Yuko wapi Hester?"

Miaka yote ile hakuna mtu dukani aliyewahi kumsikia akilitaja jina hilo.

"Columbus. Ameamka. Ila mkono wa kulia hauendi."

"Basi hawezi kuchana nywele zake."

Akaweka wembe chini. Akachukua mkasi mdogo, kitana cha mfupa na taulo safi, akavikunja pamoja na kuvitia kwenye mfuko wa karatasi. Akavua aproni, akavaa kofia, na kwenye mlango akageuza kibao kikaonyesha *Tumefunga*, wateja sita wakiwa ndani.

"Len!" Burdette alipaza sauti. "Umemwacha mwenzio nusu tena!"

"Atazoea," alisema Len, na kengele ya mlango ikalia nyuma yake.

Walijazana dirishani, Kuchta katikati yao, povu linamkauka. Gari la kinyozi lilitambaa mpaka njia panda, mwisho wa mtaa, likasimama. Kulia ni mtoni. Kushoto ni kilimani. Lilisimama pale mpaka gari la nyuma likapiga honi, na Burdette akamtukana mwenye honi kupitia kioo.

Kisha taa ikaanza kuwaka na kuzimika, ya kushoto.